Seva mbili, soketi moja

Mwenyekiti wa chama cha akiba na mikopo alinidaka mlangoni kabla sijatua begi. Ilikuwa jioni ya siku ya soko, katika mji mmoja wa magharibi mwa Uganda ambako wateja wengi hutokea upande wa Kongo na pesa dirishani zinahesabiwa kwa Kiswahili. "Fundi," akasema, "si tuliambiwa tununue seva mbili? Tumenunua. Mbona tumesimama?"

Nikaingia kwenye kichumba kilicho nyuma ya ofisi ya meneja. Seva, yaani kompyuta zinazotunza hesabu za chama kizima, zilikuwa mbili kweli, moja juu ya nyingine, zimekalia katoni la risiti za zamani. Waya wa kila moja ulichomekwa kwenye UPS ileile, kisanduku cha betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika, na UPS ikachomekwa kwenye soketi moja ukutani. Umeme ulipokatika saa nne asubuhi, betri ya UPS, iliyokuwa imechoka bila mtu kujua, ilidumu dakika chache, kisha seva zote mbili zikazimika kwa pamoja. Jenereta ilipowashwa, seva ya akiba, yaani ile inayongoja kupokea kazi seva kuu ikifa, ikaamka kwanza. Ikaitafuta seva kuu, haikuiona, ikajitangaza kuwa yenyewe ndiyo kuu. Punde ile kuu ya awali ikaamka nayo, ikaendelea na ukuu wake kana kwamba hakuna lililotokea. Kompyuta za dirishani zikawa zinaandika kwenye moja, tawi la mpakani linaandika kwenye nyingine. Kufikia saa kumi jioni chama kilikuwa na vitabu viwili vya hesabu, na kila kimoja kilikuwa na nusu ya ukweli.

Tulikaa na makarani siku tatu tukilinganisha risiti moja moja. Kulikuwa na mama muuza maharage aliyeweka shilingi laki nne asubuhi, akarudi jioni kutoa kidogo akaambiwa akaunti haina kitu. Alisimama pale dirishani ameshika risiti yake kwa mikono miwili. Kwa ajili ya watu kama yeye nimeona nieleze jambo hili taratibu, maana chama kile hakikukosa pesa wala nia. Kilinunua mashine ya pili kikadhani mpango umekamilika.

Kinachotafutwa ni hiki: kanzidata, yaani pale programu ya biashara inapotunza miamala yake yote, iendelee kupatikana hata mashine inayoibeba ikifa. Kitendo cha kazi kuhama kutoka seva iliyoshindwa kwenda seva nyingine mafundi wanakiita failova. Kwa maneno ni kitu chepesi. Ugumu uko kwenye kujua lini uhame, nani aamue, na utahakikishaje kwamba uliyemwacha nyuma haendelei kuandika.

Mpango mzuri huanzia kwa mwenye biashara, kabla hata hujagusa mashine, na mimi humuuliza maswali mawili. La kwanza: seva ikifa sasa hivi, uko tayari kupoteza miamala ya muda gani uliopita? La pili: uko tayari kusimama kwa muda gani mpaka kazi irudi? Karibu kila mtu hujibu kwamba hataki kupoteza chochote wala kusimama hata dakika. Nikimwonyesha gharama ndipo mazungumzo ya kweli huanza, na majibu huanza kutofautiana kulingana na kazi. Duka la jumla pale Kikuubo, Kampala, linaweza kuuza kwa daftari na kalamu saa mbili nzima na wateja wasinung'unike sana, lakini likipoteza orodha ya wadeni wa jana limekwisha. Chama cha akiba hakiwezi kupoteza amana hata moja, ila wanachama watavumilia foleni ya robo saa. Kampuni ya kusambaza mizigo yenye magari njiani ina hali nyingine kabisa: taarifa za saa moja iliyopita inaweza kuzikusanya upya kwa simu, lakini ikisimama, magari yanarundikana ghalani. Ukiyajua majibu haya mawili, karibu kila uamuzi wa kiufundi unaofuata unajipanga wenyewe.

Wauzaji wa huduma hupenda kuzungumza kwa asilimia, kwa hiyo ni vyema kuzigeuza ziwe saa. Mfumo unaopatikana kwa asilimia 99 ya mwaka unalala siku 3 na saa 15 na ushei. Asilimia 99.9 ni kama saa 8 na dakika 45 kwa mwaka. Asilimia 99.99 ni dakika 52 hivi, na ukiongeza tisa moja zaidi unabaki na dakika 5 tu. Kila tisa unayoiongeza inapunguza muda wa kulala mara kumi, lakini gharama haipandi kwa upole kiasi hicho.

Jambo linalosahaulika ni kwamba seva haifanyi kazi peke yake. Ili karani apokee amana anahitaji umeme, mtandao na kanzidata kwa wakati mmoja. Kila kimoja kikipatikana kwa asilimia 99, vyote vitatu pamoja vinakupa asilimia 97 tu, yaani karibu siku 11 za kusimama kwa mwaka. Biashara iliyosajiliwa kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, huongeza kiungo kingine, kwa kuwa tangu Januari 2021 ankara zake zinapaswa kupitia mfumo wa EFRIS wa mamlaka ya mapato, URA. Anayepokea malipo kwa mobile money ana kiungo cha tano. Mtu anaweza kumimina mamilioni kwenye seva huku mnyororo wake unakatikia kwenye jenereta isiyo na mafuta.

Upande wa pili wa hesabu ndio unaowapa watu matumaini. Seva mbili za asilimia 99 kila moja, zikisaidiana, kwa karatasi zinafikia asilimia 99.99. Lakini hesabu hiyo ina sharti: kuanguka kwa moja kusihusiane na kuanguka kwa nyingine. Kwenye soketi moja sharti hilo limevunjika siku ya kwanza. Kwa hiyo kila ninapoona seva mbili naanza kutafuta vinavyoshirikiwa: waya, UPS, swichi ya mtandao, chumba, paa linalovuja, hata mtu mmoja mwenye nywila ya zote mbili.

Na Uganda ina mambo yake ya kushirikiwa yanayozidi chumba. Aprili 2020 kisiwa kinachoelea, pande la udongo na majani lililokatika ziwani Viktoria, kilikwenda kuziba mitambo ya bwawa la umeme Jinja, na nchi ikaingia gizani. Siku hiyo kuwa na seva Kampala na nyingine Mbarara hakukusaidia kitu kama zote mbili zilitegemea gridi bila betri wala jenereta. Mtandao nao: hatuna bahari, kwa hiyo sehemu kubwa ya intaneti yetu inafika kwa nyaya za baharini zinazotua Mombasa na Dar es Salaam, kisha inapanda bara. Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika pwani ya kusini mwa Afrika, na Afrika Mashariki nzima ikahisi uzito. Kisha kuna Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Aliyeweka kila kitu kwenye seva za kukodi ng'ambo alikuwa na kanzidata yenye afya kabisa asiyoweza kuifikia.

Ndiyo maana siungi mkono ushauri wa kuhamishia kila kitu wingu la mbali, yaani seva hizo za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti, ushauri ambao watu huutoa kana kwamba unamaliza mjadala. Wingu ni zuri. Cape Town kuna kituo cha AWS, huduma ya wingu ya Amazon, tangu 2020, na hapa kwetu Namanve kipo kituo cha data cha Raxio ambacho mtu anaweza kukodi nafasi. Lakini tawi linalotegemea waya mmoja kulifikia wingu hilo lingali kwenye soketi moja, ila ndefu zaidi. Ukiweka nakala nje ya nchi, kumbuka pia Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, inayotaka taarifa za watu zinazotunzwa nje zipate ulinzi unaolingana na wa hapa au ridhaa ya mwenyewe. Hilo ni swali la kumpelekea mwanasheria mapema.

Sasa tuingie ndani ya mashine. Seva ya akiba ina faida tu kama ina data ileile iliyo kwenye seva kuu, na kuna njia mbili za kuipelekea. Njia ya kwanza ni ya kusubiriana: karani akibonyeza kitufe, seva kuu haimwambii kwamba amana imepokelewa mpaka seva ya akiba nayo ithibitishe kuwa imeandika. Ya pili haisubiri. Seva kuu inajibu papo hapo na kutuma nakala nyuma ya pazia. Njia ya kwanza hailazi amana njiani. Ya pili ina kasi, lakini seva kuu ikifa ghafla, miamala iliyokuwa haijavuka inapotea nayo.

Watu husema njia ya kusubiriana ni ya polepole na kuishia hapo. Polepole kiasi gani? Inategemea umbali. Mwanga ndani ya waya wa faiba husafiri kama kilomita 200 kwa milisekunde moja. Kampala hadi Mbarara ni karibu kilomita 270, kwa hiyo kwenda na kurudi hakupungui milisekunde 2.7. Kampala hadi Cape Town kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 4,000. Kwenda na kurudi tu ni milisekunde 40, na nyaya halisi hazipiti njia iliyonyooka, kwa hiyo tuseme 60. Kwa karani mmoja anayeandika amana moja, tofauti hiyo haionekani kwa jicho. Lakini chukua zoezi la mwisho wa mwezi linaloweka riba kwenye akaunti 20,000, moja baada ya nyingine, kila moja ikisubiri uthibitisho. Kwa milisekunde 3 linaisha kwa dakika moja. Kwa milisekunde 60 linachukua dakika 20. Nimeona watu wakilaumu programu kwa wiki nzima kumbe ni umbali.

Njia ya kusubiriana ina mtego mwingine. Kama seva kuu imeagizwa isubiri mwenzake, na mwenzake akafa, basi kuu nayo inasimama ikisubiri jibu lisilokuja. Kwenye PostgreSQL, programu ya kanzidata ambayo imekuwa na njia hii tangu toleo la 9.1 la mwaka 2011, ndivyo inavyokuwa: ukiwa na seva moja tu ya kusubiriwa na ikazimika, kazi inaganda. Umenunua mashine ya pili ili usisimame, sasa ina uwezo wa kukusimamisha. MySQL, programu nyingine ya kanzidata, kwenye mpangilio wake wa nusu kusubiriana, imechagua tofauti. Ikingoja sekunde 10 bila jibu, kwa mpangilio wake wa kawaida, inaacha kusubiri na kuendelea peke yake, kimyakimya. Hakuna iliyokosea. Moja imechagua usalama wa data, nyingine imechagua kazi iendelee, na mwenye biashara alipaswa kuwa ameshasema anataka lipi.

Turudi kwenye kile kichumba. Kosa la soketi lilizima seva, lakini kilicholeta vitabu viwili ni kosa jingine. Seva ya akiba iliona kimya, ikafasiri kimya kuwa kifo. Seva haiwezi kutofautisha mwenzake aliyekufa na mwenzake aliye hai ambaye waya kati yao umekatika. Zote mbili zinasikika vilevile: hazisikiki. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na kanzidata ikipata wakuu wawili kila mmoja anaandika lake.

Dawa yake kila mwanachama wa chama anaijua kutoka kwenye mkutano mkuu, nayo ni akidi. Watu wawili wakigombana hakuna wingi, kwa hiyo unaongeza sauti ya tatu. Haihitaji kuwa seva kubwa yenye data. Kompyuta ndogo ya bei nafuu inatosha kuwa shahidi, mradi isikae pamoja na mojawapo ya zile mbili. Anayepata kura mbili kati ya tatu ndiye mkuu. Aliyebaki peke yake, hata kama ni mzima wa afya, lazima ajivue ukuu na aache kuandika. Programu za kusimamia mambo haya, kama Patroni kwa PostgreSQL, hufanya hivyo: mkuu anashika kibali chenye muda, kwa kawaida sekunde 30, na asipoweza kukihuisha kwa wenye kura, anashuka. Ikiwa huna imani kwamba aliyeshuka ameshuka kweli, unamkatia umeme kwa kifaa kabla ya kumpandisha mwingine. Ni ukatili, lakini ni bora kuliko vitabu viwili.

Hata wenye akidi wanaweza kuumia. Tarehe 21 Oktoba 2018 kampuni ya GitHub ya Marekani, inayowatunzia waandishi wa programu kazi zao mtandaoni, ilipoteza mawasiliano kati ya kituo chake cha data na kitovu cha mtandao cha pwani ya mashariki kwa sekunde 43. Mfumo wao ukafanya ulichofundishwa, ukapandisha seva za pwani ya magharibi. Mawasiliano yaliporudi, mashariki kulikuwa na maandishi ambayo magharibi hawakuyapata, na magharibi tayari kulikuwa na maandishi mapya. Kwa sekunde 43 walilipa saa 24 na dakika 11 za huduma yenye kasoro. Nikisoma hilo nakumbuka jinsi umeme na mtandao wetu unavyopepesa. Failova ya papara ingehama mara tano kabla ya chai ya saa nne.

Kwa hiyo maoni yangu, na nayashikilia, ni kwamba biashara nyingi za hapa zenye mashine mbili na fundi mmoja zisiachie mashine uamuzi wa kuhama. Mashine ipige kelele, itume ujumbe kwa simu tatu, na mtu aliyetajwa kwa jina aamue kwa kufuata karatasi iliyobandikwa ukutani. Dakika 15 za kusimama ni nafuu kuliko siku tatu za kulinganisha risiti. Mwenye kuhitaji sekunde chache ajenge akidi ya kweli, asiibahatishe.

Seva ikishahama, programu zenyewe lazima zijue pa kwenda. Ukiandika anwani ya seva kuu ndani ya kila kompyuta ya dirishani, utazunguka kuzibadilisha moja moja siku ya msiba. Weka jina moja au anwani inayohama, au proksi, yaani mpokeaji anayekaa mbele ya kanzidata na anayejua mkuu ni nani. Halafu kuna lile la malipo. Karani alibonyeza, seva ikafa kabla ya jibu, naye akabonyeza tena. Je, mteja amekatwa mara mbili? Kila muamala unapaswa kuzaliwa na namba yake ya kipekee kabla ya kuondoka kwenye kompyuta ya karani, ili ukija mara ya pili kanzidata iseme huu ninao. Kwenye mobile money kila muamala una namba yake ya kumbukumbu. Itumieni, msitegemee kiasi na saa.

Na seva ya akiba si bekapu, yaani nakala iliyowekwa pembeni ili irejeshwe data ikiharibika. Mtu akifuta jedwali la wakopaji kwa bahati mbaya, agizo la kufuta linanakiliwa kwa uaminifu uleule wa amana. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni ya kazi kama ya GitHub, akihangaika usiku kurekebisha nakala iliyokwama, alidhani yuko kwenye seva ya akiba, akafuta gigabaiti kama 300 za seva kuu. Wakageukia bekapu za kila siku, wakakuta zimekuwa zikishindwa kwa sababu ya tofauti ya matoleo ya programu, na barua pepe za kutahadharisha zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni picha ya data ambayo mtu alikuwa ameichukua kwa shughuli nyingine, muda wa kama saa sita kabla ya kosa hilo. Walieleza yote hadharani, na nawaheshimu kwa hilo. Bekapu ambayo hujawahi kuirejesha kwenye mashine tupu na kuifungua hujui kama unayo.

Kile chama sasa kina seva moja ofisini, nyingine kwenye tawi la mji wa pili yenye UPS na sola yake, na kompyuta ndogo ya shahidi mji wa tatu. Kuhama huamuliwa na meneja, na akikosekana, mhasibu. Bekapu ya usiku hurejeshwa kila Ijumaa kwenye kompyuta ya mafunzo, na karani huchagua akaunti tatu anazozijua akasoma salio.

Zoezi la kwanza la kuhama tulilifanya Jumamosi jioni baada ya kufunga. Tukachomoa waya wa seva kuu na kuanza kuhesabu. Ilituchukua dakika 41, kwa sababu nywila ya seva ya pili alikuwa nayo kijana mmoja tu, na kijana alikuwa msibani Hoima, simu imezimwa. Nywila sasa iko kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sefu. Zoezi la pili lilichukua dakika 18. Kanzidata ilihama upesi, ila mashine ya kuchapa risiti ilikuwa bado na anwani ya zamani. La tatu lilikuwa dakika 9, na kurudi nyumbani, yaani kuirudisha ile seva ya kwanza iwe nakala ya mwenzake kabla haijapewa tena ukuu, kulituchukua saa nzima. Hatua hiyo hatukuwa tumeiandika kwenye karatasi ya ukutani. Sasa imeandikwa.

Zoezi la nne ni mwisho wa mwezi huu. Mwenyekiti amesema waya atauchomoa yeye mwenyewe, saa za kazi, na hatamwambia mtu siku.